Usukani Niliounyoosha Mwenyewe

Mwaka ule niliponunua pikapu, hapakuwa na kitu duniani ambacho kingenishangaza. Mimi niliishia darasa la nne. Nilianza kwa kubeba sangara kichwani pale soko la Mwaloni, Mwanza, na serikali ilipofungulia biashara miaka ya themanini nikauza samaki, nikauza mitumba, hadi nikalipia gari kwa mkupuo mmoja. Wenye ofisi zao Nyamagana walikuwa wananiita bosi.

Shida ikawa usukani. Fundi mmoja wa barabarani alinibadilishia tairodi, ule mkono wa chuma unaosukuma tairi la mbele, na tangu hapo gari likienda moja kwa moja usukani unalala upande. Kaka wa mke wangu, mwalimu, aliuona akacheka mbele za watu.

"Shemeji, gari linakwenda Mwanza, usukani unakwenda Bukoba. Wewe unafuata upi?"

Iliniuma sana.

Wiki hiyohiyo zikaja habari kwamba mama mkwe, huko Kamanga ng'ambo ya ziwa, amezidiwa na kifua, aletwe hospitali mjini. Nikakimbilia kwa fundi wangu wa Pasiansi. Akaingia chini ya gari, akatoka akijifuta mikono.

"Bosi, usukani hauna kosa. Tairodi za kulia na kushoto hazilingani. Niachie mpaka kesho nizirekebishe, la sivyo ukikata kulia usukani utagota mwisho kabla tairi halijakata vya kutosha."

"Mgonjwa atasubiri kesho yako? Lete spana."

"Lakini bosi..."

"Lete spana. Hili gari umenunua wewe?"

Nikafungua nati ya katikati, nikauchomoa usukani, nikaurudisha umekaa sawasawa, tairodi nikaziacha vilevile. Nikavuka ziwa kwa kivuko pamoja na mke wangu. Nilipofika ukweni niliegesha mahali ambapo mwalimu angeuona vizuri.

Kwao mama mkwe na mume wa binti yake hawakaribiani. Hata salamu tulipeana kila mtu akitazama pembeni. Kwa hiyo mbele nilikaa peke yangu, siti tupu ubavuni, na mgonjwa akalazwa nyuma kwenye godoro, chini ya turubai, mke wangu akimshikilia. Mwalimu alibaki, angekuja kesho yake. Kila tulipopita shimo nilisikia kile kikohozi, halafu kimya, halafu namngoja akohoe tena nijue yupo.

Kwenye kupanda kivuko cha kurudi, mfanyakazi wa kivuko alisimama mbele yangu akipunga mikono.

"Kulia! Kata kulia! Kata tena, we vipi?"

Nilikata. Usukani ukafika mwisho wake na pua ya gari bado inatazama maji. Nyuma yangu lori linapiga honi. Nikasogea kidogo nijipange upya, tairi la mbele la kushoto likatoka ukingoni mwa njia ya kupandia, gari likainama lote.

"Mama anateleza!" mke wangu akapiga kelele. "Mshike! Mshike wewe!"

Wanaume wote walikuwa wameng'ang'ania bampa, gari lisizame. Nikaruka, nikampokea mama mkwe kwa mikono yangu miwili. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani mtu mzima anaweza kuwa. Alijifunika uso kwa khanga, na humo ndani ya khanga akawa anasema, "Niweke chini, baba. Niweke chini." Chini kulikuwa na maji na matope. Nikamchukua hivyohivyo hadi ndani ya kivuko, watu wakitazama, wanawake wengine wakigeuza nyuso.

Alipona. Lakini alipotoka hospitali alikataa kukanyaga kwangu, na mke wangu akaenda kukaa naye kwa ndugu yao Nyegezi. Aliniambia mlangoni, bila hasira, kwamba hawezi kulala kwa mtu aliyembeba mama yake mpaka jambo hilo litengenezwe. Nikabaki na nyumba kubwa niliyoijenga mwenyewe, nakula nimesimama.

Nilikwenda kwa wazee wao na bunda la noti. Baba mdogo wa mke wangu akalirudisha upande wangu kwa kidole.

"Hapa hununui kitu, mkwe. Lete mbuzi na shuka la mama. Na uvitafute mwenyewe, usitume mtu."

Nilivitafuta, nikavipeleka, wakavipokea. Mke wangu akarudi nami jioni ile, ila alipanda nyuma ya pikapu, pale alipolazwa mama yake, na nilipomfungulia mlango wa mbele alitikisa kichwa tu. Mbuzi na shuka, vyote pamoja, shilingi elfu kumi na tatu na mia tano, hata robo ya lile bunda haikufika.