Kanlong wa Giza na Mume Wake wa Nuru

Kwanza niseme wazi, nisije nikasingiziwa upole: ninaandika haya nikiwa na hasira. Vijana wamezoea kunijia na maswali ya kipuuzi. "Mjomba, ni Wasiamu waliotumaliza?" "Mjomba, ni mvua zilizokataa?" "Mjomba, ni miungu?" Nyamazeni, hamkusoma. Mimi nilisoma. Nilikaa kwa watawa mpaka nikazijua herufi karibu zote, na hizo chache zilizobaki walininyima wao, eti nadai chakula cha jioni na wao hawali baada ya adhuhuri. Anayetaka kujua Angkor, mji wetu mkuu, ilipandaje na ilishukaje asiniulize habari za wafalme. Aniulize habari za dada yangu Kanlong.

Kijiji chetu kilikuwa mali ya hekalu, sisi na ng'ombe zetu na hata kuku. Tuligawanywa nusu mbili. Watu wa Nuru walimtumikia mungu mwezi ukiwa unakua, watu wa Giza walimtumikia mwezi ukiwa unapungua. Mtoto alifuata nusu ya mama yake, na ndani ya nusu hiyo alizaliwa, akazeeka, akafa. Nusu ikiwa hekaluni inatwanga mpunga wa mungu na kumpepea nzi, nusu ya pili iko nyumbani inalima.

Ndiyo siri ya ukubwa wetu, hakuna nyingine. Lile ziwa la kuchimbwa ambalo ukisimama ukingo huu huuoni ule, mnadhani lilichimbwa na mfalme? Mfalme hajawahi kushika kikapu. Lilichimbwa na nusu hii huku nusu ile ikilima, mkono mmoja ukichoka mwingine unaamka, mji haukupata usingizi. Babu zangu walibeba udongo kichwani hadi shingo zikazama mabegani. Ndiyo maana ukoo wetu hauna shingo, ingawa kwa sura hamtupati. Kisha mfalme akachonga jina lake mlangoni pa hekalu. La babu yangu liko wapi? Nimelitafuta, na nimeshawaambia kwamba kusoma najua.

Sasa Kanlong. Dada yangu alikuwa wa Giza, kama mama, kama mimi. Alipopevuka akampenda Thleng, mchunga ng'ombe wa hekalu, mrefu, mpole, anayecheka kabla hujamaliza mzaha. Thleng alikuwa wa Nuru. Mama alilia kama kafiwa.

"Mwanangu, ukiolewa na nusu ya pili umeolewa na kivuli! Yeye akirudi, wewe unatoka."

"Basi nitaolewa na kivuli," Kanlong akajibu. "Wewe uliolewa na mtu kamili, mbona kila siku unatamani asiwepo?"

Baba alikuwepo pale. Alitazama paa tu.

Wakaoana. Na kweli ikawa hivyo: walikutana siku za makabidhiano, mwezi ukijaa na mwezi ukifa. Yeye anatoka hekaluni, mumewe anaingia, wanapata usiku mmoja, basi. Majirani walisema hakuna ndoa tamu kama ile, hawagombani kwa kuwa hawaonani. Mimi nilisema zaidi ya hayo, lakini niliyasema nikinywa tembo la mvumo na siyaandiki hapa. Watoto walipatikana, wakakua, wakaolewa vijiji vya mbali. Kanlong alitwanga mpunga wa mungu mpaka viganja vikawa vigumu kama kwato. Hakulalamika, kwa sababu alikuwa na ahadi. Mtumishi akizeeka, hekalu humwachia. Mwaka mmoja tu ulibaki, waachiwe wote wawili.

"Nataka nikae naye mlangoni," aliniambia, "tutafune tambuu, nimchoke. Sijawahi kupata nafasi ya kumchoka mume wangu. Wanawake wenzangu wote wamewachoka wa kwao."

Ndipo mfalme alipotangaza kuhama. Wasiamu, jirani zetu wa magharibi, walikuwa wamekuja, wakapora, wakaondoka, na kila mtu alijua watarudi. Mifereji ilikuwa imejaa mchanga, kwa sababu watu wa kuuzoa walikuwa wamepelekwa vitani au kaburini. Mfalme akaona kusini pazuri, pale mito inapokutana. Haya, nenda baba, safari njema! Lakini mfalme hawezi kwenda bila wa kumbebea udongo. Amri ikaja: watu wa Nuru wapande mashua waende kusini na mfalme. Watu wa Giza wabaki wamtunze mungu wa jiwe.

Kwa wengine kijijini ilikuwa amri tu. Kwa Kanlong ilikuwa shoka.

Alimwendea msimamizi wetu, Panlas, mtu mnene aliyetembea na mwavuli wa mpini wa fedha ukishikiliwa juu yake hata kivulini. Nami nikaenda, maana dada akikasirika huhitaji mtu wa kumshika mikono.

"Bwana," akasema, "nipeleke na mume wangu au niachie mume wangu."

"Mama Kanlong, mumeo ni Nuru. Wewe Giza. Amri haikusema mume wala mke."

"Basi mimi nami ni Nuru. Mama yangu alikuwa wa Nuru, akahamishwa alipokuwa na mimba yangu."

Nilikohoa. Mama yake ndiye mama yangu, na hakuhamishwa popote, hata kutoka mkekani alikuwa mzito.

Panlas akanigeukia. "Kwa hiyo na hili pwaguzi lako nalo ni la Nuru?"

"Jeupe pe, bwana," nikasema. "Huoni ninavyong'aa?"

Alicheka mpaka mwavuli ukatikisika. Kisha akasema kwa upole ulionitia baridi, "Kama una uhakika, twende kwenye viminara."

Viminara ni vile vya mawe mbele ya ua wa mfalme. Watu wawili wakibishana na mwamuzi hajui nani mkweli, kila mmoja huketishwa ndani ya kimoja, na ndugu za huyu wanamlinda yule. Wanakaa humo mpaka mbingu iseme. Mwongo hutoka na majipu, au homa, au kikohozi. Mkweli hutoka alivyoingia.

Nilimvuta dada pembeni. "Una wazimu? Unadanganya, utatoka na majipu hadi kwenye ulimi!"

"Acha yatoke," akasema. "Nitapanda nayo mashua."

Akaingia. Ndugu za Panlas wakakaa mlangoni kwake, mimi nikakaa mlangoni kwa Panlas. Joto lilikuwa la kupikia wali. Nikamtania nipoze moyo.

"Bwana Panlas, mbona umeketi upande upande? Mbingu imeanza na makalio?"

"Cheka tu, bwege wewe. Mimi sina haraka."

Neno hilo lilinipita. Mimi msomi, mjanja wa ukoo, lilinipita kama upepo! Niliona ajabu tu kwamba mtu mkubwa kama yule amekubali kukaa jiweni na mbu kwa ajili ya mtwanga mpunga.

Siku zikapita. Kanlong, aliyelala maisha yake yote kwenye sakafu ya jiko la mungu, alilala humo kama mtoto mgongoni. Panlas, aliyezoea godoro la pamba, alivimba jipu, akapata kikohozi cha kubweka. Waamuzi wakaja, wakatazama, wakasema mbingu imesema: mwanamke ni mkweli, ni wa Nuru. Hapo ndipo nilipokata tamaa na mbingu, lakini nilipiga vigelegele hata hivyo.

Kanlong akatoka, akajinyoosha. "Haya. Mashua iko wapi?"

Panlas alikuwa ameshikiliwa na watu wawili. Alikohoa, akajifuta mdomo. "Zimeondoka. Maji ya Ziwa Kuu, njia ya kusini, yanashuka, nani angewasubiri? Siku ile tulipokaa ndiyo siku walipopakiwa."

"Na Thleng?"

"Alipiga kelele kidogo. Akaambiwa mkewe yuko mahakamani, anamfuata."

Mnaelewa? Hakuhitaji kushinda. Alihitaji Kanlong aketi tu. Aliitumia mbingu kama mtu anavyotumia kigingi kumfungia ng'ombe. Na msinipe maneno ya subira. Nilimrukia. Nilifanikiwa kumpiga kofi moja, zuri sana, kabla ndugu zake hawajaniweka chini na kunikanyaga. Kanlong hakulia. Alirudi kijijini, akaweka chungu, mchele, na samaki wa kuchachuka kwenye kikapu. Ilikuwa zamu ya Giza. Mungu alikuwa anasubiri wali wake.

"Nani atampikia?" nikamuuliza.

"Ana mikono minne ya jiwe," akasema. "Apike."

Tukaenda kusini kwa miguu. Njia nzima tulipita mabwawa yaliyopasuka, madaraja yenye miti iliyoota katikati, vijiji vyenye nusu ya watu. Kila mahali nusu. Huku mke aliyeachwa akivuta jembe peke yake, kule mume asiyejua kupika akitafuna mchele mbichi. Ndivyo walivyouhamisha ufalme, wajinga wale, wakaukata kwa mstari ule ule ulioujenga, halafu wakashangaa hausimami.

Tulimkuta Thleng kwenye kilima kipya, kikapu cha udongo kichwani, mfalme anataka nyumba ya juu. Amekonda. Alimwona mkewe, akakitua kikapu taratibu kama kina mayai.

"Umechelewa," akasema.

"Nilikuwa na kesi."

"Ukashinda?"

"Nikashinda."

"Mbona basi umekuja kwa miguu?"

Alicheka, naye Kanlong akacheka, kisha akampiga ngumi ya kifua, kisha akaanza kulia. Mimi nikajifanya naangalia mto.

Asubuhi yake tulikwenda kwa karani wa hapo, kijana mwenye mwavuli mpya. Kanlong akamweleza hukumu yote, viminara, jipu la Panlas.

"Huko siyo huku," karani akasema. "Hapa Nuru wamejaa, Giza hatuna. Wewe mama utakuwa Giza. Zamu yako ya kumpikia mungu wa hapa itaanza mwezi ukijaa."

Nilidhani nitamwona dada yangu akiua mtu. Aligeuka tu, akaondoka.

Mwezi ukajaa, ukaanza kupungua. Zamu yake ilipofika, Kanlong hakwenda. Alikaa mlangoni na Thleng, wakatafuna tambuu. Mimi nilikaa nyuma ya nyumba na kifurushi changu, tayari kukimbia kwa niaba ya ukoo. Zamani, mtu akikosa zamu, askari walifika kabla wali haujaiva. Tukasubiri. Hakuja mtu. Zamu ya Nuru ikafika, Thleng naye hakwenda, wala jirani yake, wala jirani ya jirani. Kilima cha mfalme kikabaki na urefu wa ng'ombe aliyelala. Wasiamu sikuwaona wakati huo, wala ukame.

Mwishowe karani alikuja mwenyewe, kwa miguu, mwavuli ameushika mwenyewe. Alichuchumaa mbele ya mlango.

"Mama, kwa nini huji?"

"Niko na mume wangu."

"Mungu hajala."

"Pole yake."

"Nitawaambia nini wakubwa?" Akaukunja mwavuli. "Mama, nakuomba. Kesho utakuja?"

Kanlong akatema mate mekundu ya tambuu, karibu sana na mguu wa kijana. "Wewe njoo kesho. Nitakukatalia tena."

"Msogezee kigoda," Thleng akasema. "Mtoto amechoka."

"Asimame!" akafoka dada yangu. "Mimi nimesimama maisha yangu yote."