Betri za Mashua ya Zahanati

Mwanangu, iko siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, na harusi yangu ilikuwa na ng'ombe wawili na bendi ya matarumbeta. Kaa nikueleze. Jana nimekuona unamjibu mteja huku unatazama pembeni, na ule mtazamo naujua, kwa kuwa niliwahi kuwa nao mimi mwenyewe.

Mimi ndiye mwanamke wa kwanza kuchaji betri pale Rau, na hili silisemi kwa kunong'ona. Baba mdogo alikuwa na kibanda cha ufundi, macho yakaanza kumsumbua, akaniachia meza, mita na chaja moja kubwa ya chuma yenye swichi ya hatua nne. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara imefunguliwa, maduka ya Moshi yamefurika televisheni na redio kutoka nje, lakini huko juu mlimani nyumba nyingi zilikuwa bado hazijaona nguzo ya umeme. Kwa hiyo watu walinunua betri za gari, wakazishusha kwangu kuchajiwa. Wengine walitoka Marangu, wengine Kilema, wengine hapo Shirimatunda tu. Ikikaribia siku ya mpira, foleni ilifika barabarani, nami nikasimama mbele yake na koti langu la bluu kama mkuu wa wilaya.

Betri zote zile zilikuwa za maji. Unafungua vizibo sita, unaongeza maji, unafunga waya, unasubiri. Ikianza kuchemka, yaani kutoa mapovu ndani, unajua imejaa. Baba mdogo alinifundisha kuyasikiliza mapovu hayo, na kufika mwaka wa pili niliweza kukaa nje nachambua mchele huku nasikia betri ipi imejaa na ipi bado. Watu walikuja kushangaa. Mwanangu, kichwa kilinivimba, nisikudanganye.

Sasa, kule chini, kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, kulikuwa na zahanati ndogo ya masista iliyokuwa na mashua. Mashua hiyo ilivuka kwenda kuchukua kina mama wajawazito wa ng'ambo na wagonjwa wasioweza kuzunguka kwa barabara. Injini yake ilikuwa ya kuwasha kwa betri tu, na yenyewe haikuweza kuzichaji. Dereva wake aliitwa Baba Prosper, mtu wa Kilema aliyeshuka kutafuta maisha, mpole, wa maneno machache. Betri zake za maji zilimtesa. Mashua ikiyumba, asidi inamwagika, na miguu yake ilikuwa na makovu ya kuungua.

Sista mkuu wa zahanati akanituma nimchagulie betri nyingine. Nikachagua betri kavu, zile zilizozibwa kiwandani, zisizo na kizibo cha kufungua wala maji ya kumwagika. Na nilichagua vizuri, hapo hata leo najisifu. Muuza duka aliniwekea mbili mezani akasema, "Dada, zote mpya hizi." Nikatoa mita yangu. Moja ilikuwa imekaa rafuni muda mrefu hadi volti zimeshuka, nikaikataa. Nikamwambia mpya ya dukani na mpya ya kiwandani ni vitu viwili. Nikachukua mbili za aina moja, za umri mmoja, moja ya kuwashia injini, nyingine ya taa na pampu ya kutoa maji. Muuza duka alinuna, mimi nikatoka natembea kifua mbele.

Ndani ya boksi kulikuwa na karatasi ya maelezo ya kuchaji. Niliikunja nikaiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa unacheza. Mtu aliyechaji betri za nusu ya mlima atasomeshwa nini na karatasi?

Kila Ijumaa Baba Prosper aliniletea betri zile, nami nilizichaji kama nilivyozichaji zote, swichi hatua ya nne, nikangoja zichemke. Hazikuchemka. Betri kavu haikuonyeshi mapovu yake, mwanangu. Basi nikaziacha zaidi, nikijua bado hazijajaa. Ijumaa ya tatu ile ya kuwashia injini ilipata moto hadi mkono haukai juu yake, na ubavu wake ukawa umetuna. Niliuona. Nikaubonyeza kwa kiganja, nikaupangusa kwa kitambaa, nikampa Baba Prosper nikamwambia, "Imejaa pomoni." Hapo ndipo kosa langu lilipoanza, kabla ya lile kubwa.

Jumanne iliyofuata, Baba Prosper na Sista walikuwa katikati ya bwawa wanamleta zahanati mama mwenye uchungu wa kujifungua. Majani yakanasa kwenye propela. Baba Prosper akazima injini, akainama na panga, akayakata. Aliporudi kuwasha, betri ikatoa sauti moja ndogo ikanyamaza. Upepo ukawasukuma hadi kwenye matete, na bwawa lile lina mamba. Walikaa saa mbili juani, Sista amemshika yule mama, Baba Prosper anapiga kasia kwa ubao wa kukalia, mpaka wavuvi walipowaona wakawavuta. Mtoto alizaliwa kwenye ngazi za zahanati. Alikuwa mzima, na mama yake mzima. Mpaka leo nikilisema hilo namshukuru Mungu kwa sauti.

Kamati ya zahanati ikakaa. Wakasema betri mpya haifi yenyewe, dereva aliacha taa inawaka usiku kucha. Wakampa mpaka Jumatatu ajieleze, la sivyo aache kazi, na kuacha kazi ni kuacha nyumba, kwa kuwa aliishi na mke na watoto watano katika nyumba ya zahanati.

Ijumaa akaja kwangu, betri begani. Akaiweka mezani taratibu, akavua kofia.

"Fundi Aika," akaniambia, "mimi sikumbuki kuacha taa. Lakini wewe ndiye unayejua. Iangalie, uniambie nimekosea wapi."

Sikuhitaji mita. Ubavu ulikuwa umetuna zaidi. Nilijua nimeikausha kwa mkono wangu, na betri kavu ukishaikausha huna pa kuiongezea maji. Wateja wanne walikuwa wamesimama nyuma yake, na kati yao mmoja aliyewahi kusema mbele yangu kwamba kibanda kile kitafungwa mwaka haujaisha, mwanamke na umeme wapi na wapi. Nikaigusa betri, nikaweka uso wa kazi.

"Uliacha taa, Baba Prosper," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole. "Basi nimekosa mimi," akasema. Akanishukuru. Unasikia, mwanangu? Alinishukuru, akavaa kofia, akaenda.

Jumamosi nilipanda nyumbani Marangu. Nilimkuta Baba yangu anazungusha mashine ya kumenya kahawa, maji mekundu yanatiririka miguuni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Mama akaniletea kiburu, zile ndizi zake za kupondwa na maharage, nikakipapasa kwa kijiko. Baba akaacha mashine.

"Wewe huachi kiburu," akasema. "Nani amekufa?"

Nikamweleza yote. Sikuficha, maana Baba alikuwa na namna ya kunyamaza inayokuchota maneno. Nilipomaliza nikaongeza kwamba betri zile ni ngeni, zimeletwa juzijuzi tu, yeyote angekosea.

"Wewe ni fundi au si fundi?" akaniuliza.

"Ni fundi, Baba."

"Basi kosa ni lako, na ulichukue kwa mikono miwili. Mimi kahawa yangu ikichacha kwenye pipa nasema nimeichachisha. Sisemi ni mvua, na watu wanaona jua."

"Nikisema, watasema mwanamke haiwezi kazi hii."

"Watasema," akajibu. "Halafu?"

Nikakisukuma kiburu pembeni. Akachukua kisu, akashuka hadi mpakani mwa kihamba chetu, shamba letu la migomba, akakata jani la isale. Ninyi mliozaliwa mjini mnaliona ua la mapambo tu. Kwetu, ukimkosea mtu unamchukulia jani la isale umelifunga fundo. Ukimpa, umesema kosa ni langu, naomba unisamehe. Naye akilipokea hawezi tena kukushikia neno. Halitolewi ovyo, na halitolewi kwa mzaha. Baba alilifunga mwenyewe, akanipa.

"Nimpe Sista?" nikauliza.

"Sista umemharibia betri, hiyo utamnunulia nyingine. Yule mwanaume umemharibia jina. Mpe yeye, na umpe mbele ya waliomsikia akisemwa."

Nilikasirika, nitakuambia ukweli. Nilitaka ushauri mwepesi kuliko ule. Lakini Jumatatu asubuhi nilikuwa kwenye basi la kushuka bwawani, jani nimelifunga kwenye kanga, betri yenye ubavu uliotuna miguuni pangu.

Kamati ilikuwa imekaa barazani kwa zahanati. Upande wa pili kina mama walikuwa wanapima watoto uzito, kwa hiyo watazamaji hawakukosekana. Baba Prosper alikuwa amesimama, kofia mkononi. Mke wake alikuwa mlangoni kwao, na nyuma yake niliona masanduku yamefungwa kamba. Nikaweka betri chini mbele yao, nikamwendea, nikamnyooshea jani.

"Baba Prosper, hukuacha taa," nikasema, na nilisema kwa sauti ya kufika kwenye mizani. "Betri hii niliiua mimi. Niliichaji kama betri ya maji, nikaona imetuna, nikakupa hivyo hivyo. Na Ijumaa nilikudanganya kwa kuogopa watu. Naomba unisamehe."

Mjumbe mmoja akacheka puani. "Si tulisema," akasema, "kazi hii si ya wanawake."

Baba Prosper akalipokea lile jani kwa mikono miwili. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Siku zote hizi nimekuwa nikijilazimisha kukumbuka nilivyoiacha hiyo taa," akaniambia. "Jana nilianza kuikumbuka. Nilikuwa naiona kabisa inawaka."

Mwanangu, neno hilo liliniingia kuliko tusi lolote. Nilikuwa nimemfanya mtu mzima akumbuke kosa ambalo hakulifanya.

Sista akafuta maneno ya kamati siku ile ile. Ikabaki swali la betri, nani atachagua nyingine na nani atazichaji. Yule mjumbe akasema kuna fundi mwanaume mjini, apewe yeye. Baba Prosper akavaa kofia yake, akasema maneno mengi kuliko niliyowahi kumsikia akisema.

"Ninyi mnakaa hapa barazani. Ninayekaa juu ya maji ni mimi. Betri apewe huyu. Huyu akikosea, atasema."

Kazi ikarudi kwangu. Nami nilisimama pale, mwizi wa jina la mtu, nimepewa heshima ambayo sikuwahi kupewa na foleni yoyote ya Rau. Nililia mbele yao wote, wala sikuona haya.

Betri mpya nilizinunua mwenyewe. Niliitoa ile karatasi chini ya mguu wa meza, nikaisoma neno kwa neno, na yale ya Kiingereza kigumu nikampelekea mwalimu. Kisha nikamtafuta fundi wa kunitengenezea chaja inayopunguza nguvu yenyewe betri inapojaa. Nilikosea mara moja, sikukosea tena. Mashua ile ilivuka kwa betri za mkono wangu miaka yote mpaka ilipozeeka mbao. Watoto waliovushwa matumboni mwa mama zao sasa wananiletea betri za sola. Hilo najivunia, na acha nijivunie.

Sasa nasaha yangu, uishike. Betri kavu ichague kwa mita, si kwa mng'aro wa boksi. Ukitaka mbili, ziwe za aina moja na umri mmoja. Usiisubiri ichemke, maana ikichemka umeiua. Ichaji polepole kwa nguvu ndogo, volti zisipite kumi na nne na nusu, na kama maelezo yake yanataka pungufu, fuata maelezo. Iguse ubavuni kila mara. Ikiwa ya moto, zima. Ikiwa imetuna, usimpe mtu, hata akiwa na haraka ya kuzaa. Karatasi isome, hata ukiwa umeshazeeka katika kazi kama mimi.

Na mteja akija na kitu kilichokufa, akakuuliza amekosea wapi, mtazame usoni kwanza. Kama kosa ni lako, mwambie siku hiyo hiyo, na waliokuwepo wasikie. Utaaibika wiki moja. Ukinyamaza, yeye ndiye atakayeaibika, na huenda akaamini kabisa kwamba alistahili. Ufundi wa mikono nimekupa wote. Huu mwingine lazima uufanye mwenyewe, na siku utakayoufanya sitakuwepo kukushika mkono.

Haya, inuka, wateja wanasubiri. Mungu wa baba zetu aibariki mikono yako isimwangushe aliye majini, aubariki ulimi wako usimtwishe mtu mzigo usio wake, na jina lako litajwe vizuri na watu wasiokujua sura.