Kasha la Lakiri Nyekundu

Kahindi Ruwa, Mgiriama, alijulikana Kisauni kwa mambo mawili: baiskeli yake ya kusambazia mikate, na ngumi zake. Zamani, alipokuwa kuli bandarini, alimvunja taya msimamizi kwa sababu ya tusi moja tu. Akafungwa, akatoka, akaoa, na mkewe Kanze akamtuliza hata majirani wakastaajabu. Mwaka wa 1962 Kanze akashikwa na kifua kikuu. Zahanati ilimlaza mkekani, kwa kuwa vitanda vilikuwa vichache, na saruji ya wodi ikawa inamnyonya joto usiku kucha.

Kwa hiyo kamati ya zahanati ilipotafuta mtu wa kwenda Malindi kwa baiskeli na kurudi, akichangisha fedha za vitanda njia nzima, Kahindi alijitokeza kabla swali halijamalizika. Watu walinung'unika. Mchangishaji wa mwaka uliopita alikuwa amezila fedha zote na kuhamia Tanga. Ndipo mwenyekiti, Mwalimu Ghalib, alipoleta kasha la bati lenye tundu juu, akalipiga kufuli, akaimwagia kufuli hiyo lakiri nyekundu, nta ya muhuri, mbele ya umati, na ufunguo akautia mfukoni mwake.

"Sikiliza, bwana Kahindi," akamwambia. "Lakiri hii ikirudi imevunjika, mimi nitakuamini. Hawa hawatakuamini, na hawatatoa tena hata senti."

Akaenda, na Malindi akafika. Njiani watu walitoa walichojaliwa, na kasha likawa zito. Wakati wa kurudi mvua ilimpiga, akavaa koti la mpira. Karibu na Shanzu gurudumu liliteleza, akaanguka juu ya mawe ya matumbawe, magoti yakapasuka na damu ikalichafua kasha. Aliinuka, akaendelea bila kupumzika. Alipoingia Utange kiu ilimzidi, akapiga hodi kwa mama mmoja aitwaye Sidi kuomba maji.

Asilolijua ni kwamba Utange ilikuwa imechafuka. Mwanamke aliyekwenda kisimani jana yake hakurudi, na kila kinywa kilimtaja mumiani, yule mtu anayesemekana kuwanyonya watu damu ili hospitali zipate dawa. Ishara zake zilijulikana na wote: koti la mpira, chombo kilichofungwa, na damu. Kahindi alikuwa nazo zote tatu.

Sidi alimpa kata ya maji, akauliza kasha lile lina nini.

"Mali ya hospitali, mama," Kahindi akajibu kwa adabu. "Siruhusiwi kulifungua."

Kata ilianguka. Sidi akapiga yowe.

Jiwe la kwanza lilimpata Kahindi sikioni, la pili mgongoni. Wanaume walitokea kila upande na rungu na michi, na mbele yao Khamis, mchimba mawe, na sururu yake begani. Walimwangusha na baiskeli yake, wakamkanyaga mbavu. Mmoja akadhihaki kwamba minazi ya kwao Wagiriama imekauka, sasa wanagema watu.

"Lifungue tuone," Khamis akasema.

Kahindi alijaribu kueleza habari za vitanda, lakini kinywa kilikuwa kimejaa damu. Jiwe moja juu ya kufuli lingemwokoa. Lakini akilivunja, Kisauni watamwita mwizi, na Kanze atabaki sakafuni. Akalilalia kasha kwa tumbo, akalikumbatia. Mchi ukashuka juu ya mkono wake wa kushoto, na vidole viwili vikalia kama vijiti vikavu. Hakuachia. Wakampiga kichwani mpaka mikono ikalegea yenyewe, na Khamis akalivuta kasha, akalipasua kwa sururu.

Sarafu zikamwagika matopeni.

Hapakuwa na damu ndani. Sauti moja ikasema, "Kumbe ni mwizi," na watu wakaanza kuinama, kuokota na kukimbia.

Kahindi aliitazama lakiri iliyopasuka. Mpaka hapo mikono yake ilikuwa na kazi ya kushika. Sasa haikuwa na cha kushika. Aliinuka, akampiga Khamis puani kwa mkono uliokuwa mzima, akampiga tena alipokuwa akianguka, akampandia kifuani, akaiokota sururu na kuiinua juu ya uso wake. Hakuna aliyethubutu kumsogelea. Khamis alifumba macho na kuanza kutoa shahada.

Sururu ilitua matopeni, kando ya kichwa. Maiti haitoi ushahidi.

"Utakwenda nami," Kahindi akasema, akimshika kola ya shati. "Utawaambia ni nani aliyelivunja."

"Wakinipeleka polisi je?"

"Watakupeleka. Na mimi watanipeleka kwa pua yako. Simama."

Sidi alikusanya sarafu zilizosalia katika leso yake, akawafuata. Khamis aliisukuma baiskeli, na Kahindi hakuiachia kola yake njia nzima.

Zahanatini umati ulikuwa unangoja na ngoma. Ngoma zikanyamaza. Mwalimu Ghalib alilitazama kasha, akawatazama wale wawili waliojaa damu.

"Nimelivunja mimi," Khamis akasema. "Yeye alililalia, tukampiga. Wallahi hakulifungua."

Mtu akauliza kama fedha zimetimia. Khamis akasema hazikutimia. Wako waliokimbia nazo, na anawajua. Mwalimu akamtaka awataje. Jina la kwanza alilotaja Khamis lilikuwa la nduguye wa tumbo moja.

Hapo ndipo Kahindi alipoiachia ile kola.