Siku Simu Ilipong'ang'ania Sabini na Nne

Asubuhi ile simu iliandika sabini na nne, nami nikaridhika. Kwa mzee wangu mapigo sabini na nne kwa dakika ni moyo wa mtu aliyelala vizuri. Aliyenifundisha kuzisoma hizo namba ni mjukuu wangu, wa kwanza katika ukoo wetu kumaliza chuo. Leo anauza dawa Tunduma, amevaa koti jeupe. Mimi niliishia darasa la pili, lakini koti lile nimelifua kwa mikono hii.

Babu yake alipoanza kusumbuliwa na moyo, mjukuu alituletea hapa kijijini Ihanda saa ya mkononi, nyeusi, mkanda wa mpira. Akamfunga babu yake, akasema, "Namfunga mume wangu asitoroke." Nikamwambia amchukue kabisa, mke mwenzangu, na masuruali yake mazito akafue yeye.

Kisha utani ukaisha. Alinieleza kwamba saa inausikiliza moyo, inaipa habari simu yangu kwa blututhi, na simu yangu inamtumia yeye huko Tunduma. Namba ikivuka mia na ishirini mzee akiwa amekaa tu, tumkimbize hospitali, tusingoje hata maji yachemke. Daktari alikuwa ameshasema moyo wa aina ile ukianza kukimbia, unaweza kusimama wakati wowote.

Siku hiyo kahawa ilikuwa imeiva, na mzee alikaa barazani akichambua, mbivu huku, mbichi kule. Mapema tu akalalamika kwamba amechoka. Baadaye akasema anasikia kama kuku anatapatapa ndani ya shati lake. Nikachomoa simu kwenye fundo la kitenge nikatazama. Sabini na nne.

"Simu inasema wewe ni mzima kuliko mimi," nikamwambia. "Chambua kahawa."

Akachambua. Neno hilo nililisema mimi, silifichi.

Nikaenda jikoni, nikarudi. Alikuwa anatupa mbichi kwenye rundo la mbivu, mtu aliyeshika kahawa tangu hajaota ndevu. Upepo ulikuwa wa baridi, naye shati limemganda mgongoni kwa jasho. Nikatazama tena. Sabini na nne. Hapo ndipo nilipoanza kuishuku ile namba. Hata mbuzi akisimama moyo wake unabadilika. Huyu alikuwa amepanda ngazi ya baraza, amekohoa, amekunywa maji, na namba haijasogea hata hatua moja.

Nikampigia mjukuu. Akaniamkia, akasema hata yeye ameiona sabini na nne asubuhi, akaendelea na wateja. Nikamweleza kuhusu jasho. Akawaacha wateja. Kisha akauliza, taratibu sana, "Bibi, chini ya namba pameandikwa nini?"

Sikuwahi kupasoma pale. Maandishi madogo kama mayai ya chawa. Nikayasogeza mbali na macho nikasoma kama nilivyofundishwa, kipande kwa kipande. Ja. Na.

"Jana," nikasema.

Ile namba ilikuwa ya jana. Tangu jana jioni saa na simu zilikuwa hazisemezani, na mimi nilikuwa namwambia mtu chambua kahawa.

Nilitaka kuitupa simu nikatafute gari. Mjukuu akasema gari nimtume mtu, lakini namba tuipate, kwa sababu hospitalini watauliza. Nikamtuma jirani kwa mwenye pikapu inayobeba kahawa. Mjukuu akaanza kuniongoza. Nizime blututhi, niwashe. Nikazima, nikawasha. Hakuna. Nizime simu yenyewe. Nikaizima, nikasubiri iamke, nikampigia tena. Hakuna. Niifute saa kwenye orodha, halafu niitafute upya. Simu ikazunguka, ikazunguka, ikaandika kwamba haijaona kifaa. Saa iko pale mkononi mwa mume wangu, naigusa, na simu inasema haipo.

Mzee akaniuliza naongea na nani kwa hasira hivyo. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu.

"Saa ina chaji?" mjukuu akauliza. Ilikuwa nayo, nusu. "Inaonyesha saa ngapi?"

"Tano na robo."

"Bibi, sasa hivi ni sita na robo." Kisha akauliza, "Nani wa Nakonde yuko hapo nyumbani?"

Sisi wa huku tuna ndugu pande zote mbili za mpaka, na saa ya Zambia iko nyuma ya yetu kwa lisaa limoja. Mdogo wake mzee anaishi Nakonde, upande wa Zambia. Alifika jana jioni kumwona mgonjwa, na simu yake huwa inakaa kwenye saa za kwao, hataki kuigeuza, na saa ya mkononi hufuata majira ya simu iliyoungana nayo. Kwetu ndugu akija kuona mgonjwa huwezi kumwambia kaa mbali. Lazima ashike paji la uso, apewe ugonjwa wote autazame. Shemeji aliposikia saa inasoma moyo wa kaka yake, alisema haiwezekani moyo huo ausome mwanamke peke yake. Akaishika, akabonyeza, akaiunganisha na simu yake. Nikamwachia. Nilidhani saa ni kama redio, wote tunasikia. Kumbe ile yetu inamsikiliza mmoja tu, na aliyefika mwisho ndiye aliyeichukua.

Shemeji alikuwa ametoka kusalimia majirani. Simu yake ilikuwa sebuleni kwenye chaji, ukuta mmoja tu na pale alipokaa mzee. Moyo wa mume wangu ulikuwa unapiga kelele ndani ya simu isiyo na mtu wa kuitazama. Nikakandamiza kitufe chake mpaka ikafa.

Nikarudi barazani, nikatafuta upya. Safari hii jina la saa likatokea. Ikanitaka nikubali kwenye simu, na kule mkononi kwake pia. Kidole chake kilikuwa kinateleza kwa jasho, nikambonyezea mimi. Sabini na nne ikafutika. Ikaja mia na arobaini na nane.

Sikumsomea. Nilimwambia tu, "Baba, simama, gari limekuja."

Hospitalini walimvua saa wakamfunga nyaya zao, wakafunga mlango. Muuguzi alinipa ile saa mkononi, bado ina joto lake. Sikuwa na pa kuiweka, nikajifunga mwenyewe nikakaa kwenye benchi.

Simu ikaita. Mjukuu alikuwa analia na kucheka. "Bibi, imeshuka. Tisini na sita. Asante Mungu, mume wangu amepona."

Ningeweza kumwacha na furaha yake. "Mjukuu wangu," nikasema, "hiyo saa nimeivaa mimi."

Nilisikia malori ya Tunduma yakipiga honi nyuma yake, mpaka simu ikakatika.

Mzee alitoka siku ya tano, amekonda, na daktari alituambia bila kutuzungusha kwamba moyo ule utakimbia tena. Anaivaa saa yake. Kahawa nachambua mimi. Mjukuu wangu siku hizi akipiga haniamkii kwanza. Anauliza, "Bibi, nani kaivaa?"