Mchuma chai aliyeachiwa jukwaa siku ishirini kabla ya tamasha

Saa nane mchana, Nelvine Chepkurui anaingia katika ukumbi wa kanisa nje kidogo ya mji wa Bomet, vidole vyake vingali vyeusi kwa utomvu wa majani chai. Anavua gamubuti mlangoni na kupanda jukwaani kwa soksi.

“Rudia hapo,” anamwambia mwigizaji. “Usiniambie una hasira. Nionyeshe.”

Mama huyu wa watoto wawili, mwenye umri wa miaka 34, huchuma chai kila asubuhi katika shamba la familia. Mchana wa Jumamosi, ndiye mwelekezi wa kundi la maigizo lenye watu kumi na tisa.

Alipojiunga nalo, kazi yake ilikuwa kufua mavazi na kupika chai ya mazoezi. Mwanzilishi wa kundi, mwalimu mstaafu Mongina Nyambeki, alimkuta siku moja pembeni ya jukwaa akinong’ona maneno ya waigizaji wote.

“Aliniambia nikae karibu naye. Zoezi likiisha ananiuliza, wewe ungefanya aje?” anakumbuka.

Miaka sita ikapita hivyo. Kisha magoti yakamlemea Mwalimu, akamkabidhi Nelvine uongozi siku ishirini tu kabla ya tamasha la maigizo. Wanaume wanane wakaondoka. Mpiga ngoma, Kipkirui, alitangulia.

“Nilisema siwezi kuambiwa simama hapa, keti pale, na mtu aliyekuwa anatupikia chai,” anakiri Kipkirui, macho yakiwa sakafuni.

Nelvine alikwenda kumsihi Mwalimu azungumze nao. Mwalimu alikataa.

“Nikienda mimi, watarudi kwangu. Hawatakuwa wamerudi kwako.”

“Nilidhani amenitupa,” asema Nelvine. “Nililia njia yote mpaka nyumbani.”

Kesho yake aligawa majukumu upya. Wanawake wakaigiza wazee wa kijiji. Beverly Chepchirchir, msichana wa miaka 19 ambaye hakuwahi kushika ngoma, alijifunza mapigo kwa kugonga mtungi wa maji nyuma ya zizi la ng’ombe wao.

Kwenye tamasha walishika nafasi ya tatu. Kipkirui alikuwa amesimama nyuma ya watazamaji. Jumamosi iliyofuata alikuja kuomba ngoma yake.

“Nikamwambia ngoma sasa ni ya Beverly. Akitaka, amsaidie.”

Kipkirui alivuta kiti akaketi kando ya msichana yule. Wenzake watano nao walirudi wiki zilizofuata.

Siku hizi Beverly huketi karibu na Nelvine wakati wa mazoezi, daftari mapajani. Wasichana wawili kutoka eneo la Soin nao wameomba kuja kujifunza uelekezi.

Mwakani, Nelvine atamwachia Beverly mchezo mzima.

“Nataka nikae kule nyuma na watu wengine, nitazame kitu ambacho sikukigusa,” asema, akifunga kitambaa chake kichwani. “Halafu niandike mchezo wangu mwenyewe. Ni habari za mamangu. Sijawahi kupata nafasi ya kuziandika.”