Mvunja Kokwa Mwenye Nyusi za Bosi

Kwa miaka thelathini na minne Hiltrud Seyffert alipaka rangi nyuso za watu wa mbao katika karakana yetu, hapa milima ya Erzgebirge, Ujerumani. Mwaka juzi mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka. Alikuwa akipaka nyusi, moja inakaa mahali pake, ya pili inapanda hadi kwenye kofia.

Bosi wetu, Gotthelf Weinhold, mtu aliyenuna tangu abatizwe, hakuzungusha maneno. Karakana ilihitaji mvunja kokwa mpya wa Krismasi, yule mwanasesere wa mbao anayepasua kokwa ngumu kwa meno yake. Hiltrud amchore kwa kompyuta. Mchoro ukikubalika, atabaki kazini kama mchoraji. Ukikataliwa, aage wenzake.

Mama wa watu hakuwahi kushika kipanya. Alijifunza huku akiitukana ile mashine asubuhi hadi jioni, mpaka akagundua kitufe cha kutuliza mstari: mkono utetemeke utakavyo, mstari unatoka laini. Akalia. Mimi, mkerezaji wa mbao, nikajifanya natafuta patasi.

Kisha akafanya kosa la mtu mwenye hofu. Ili ampendeze bosi, akamchora mvunja kokwa anayetabasamu.

"Huyu nani?" nikamwuliza. "Mchungaji anapokea sadaka?"

"Si mzuri, Friedemann?"

"Mzuri mno! We mama, umesahau? Babu zetu walichimba bati huku wakubwa wamewakalia kichwani. Ndiyo maana mvunja kokwa ni mfalme, au askari, au bwana misitu. Anune hivyohivyo, na kokwa zetu atuvunjie! Akicheka, si wa kwetu."

Mlangoni bosi alikuwa akimgombeza dereva aliyeleta mbao. Hiltrud akamtazama kwa muda mrefu.

"Mimi mkubwa niliyemjua ni mmoja tu," akasema.

"Usithubutu!"

"Nikifukuzwa, bora nifukuzwe kwa kazi nzuri."

Ijumaa tukakusanyika mezani. Pale kwenye karatasi alisimama mfalme wa koti jekundu, taji kichwani, meno nje, na nyusi nene zilizokutana juu ya pua. Hiltrud alikuwa ameushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, na mimi nilijuta kuwa na mdomo.

Bosi akavaa miwani. "Nyusi hizi nimeziona wapi?"

"Labda kwenye kioo ukinyoa ndevu, bosi," nikasema, maana mdomo wangu hausikii la mtu.

Akaichukua karatasi, akaenda nayo dirishani, akakaa huko mpaka tukaanza kutazamana.

"Ni za baba yangu," akasema hatimaye. "Nilimwogopa mpaka siku tunamzika. Ningempa kokwa moja tu avunje, ningefurahi." Akageuka. "Meno madogo haya. Yaongeze ukubwa. Na Jumatatu uanze kumchora mke wa mfalme huyu, malkia. Huyo usimpe nyusi zangu!"

Watu wakaangua kicheko. Hiltrud hakucheka. Alikuwa bado amesimama palepale.

"Jumatatu, bosi?" akauliza.

"Kumbe na masikio nayo yamekwenda? Jumatatu, saa moja asubuhi. Usichelewe."

Nikamkumbatia mbele ya watu wote, jambo ambalo kwetu hatulifanyi.