Makofi kwa Dereva Bora

Wiki iliyopita mzee mmoja alipanda teksi yangu ya abiria pale Koboko, tukielekea Arua, akakaa mbele na kuwaambia abiria kwamba West Nile haijazaa dereva kama yeye. Sauti ile niliijua kabla sijamtazama usoni.

Nilipokuwa mtoto, yeye na dereva mwenzake walikuwa wakishindana kwa magari nani atatangulia kufika Arua, nasi watoto tuliwasubiri kando ya barabara, pale mama alipoanika muhogo kwenye ukingo wa lami. Mchana mmoja lami ilinuka moto na muhogo ulinuka uchachu. Injini ililia kutoka mbali. Yeye ndiye aliyetangulia, akapita juu ya muhogo wetu bila kukwepa, na nyuma yake likapanda wingu jeupe. Nilidhani ni moshi wa ushindi, kwamba dereva bora kuliko wote lazima aache wingu. Nikapiga makofi. Akapiga honi, akicheka kwa sauti ile ile.

"Unapigia yeye makofi?" mama aliniuliza, amepiga magoti akiokota vipande. "Hiyo iko chakula yetu."

Tulikula unga wenye mchanga mpaka ukaisha. Kinyongo changu hakikuisha.

Sasa, karibu na Aroi, tulikuta muhogo umeanikwa hadi katikati ya barabara, na mwanamke mmoja akiugeuza.

"Pita juu tu," mzee akasema. "Iko nini?"

Nikazima injini. "Shuka, mzee. Saidia huyu mama kuondoa, ndiyo tuende."

Abiria wote walimtazama. Akashuka, akapiga magoti kwenye lami ya moto.

Nikashusha kioo, nikampigia makofi.